Njia Aijuayo Meja

Koplo Leodegar alikwisha kamata wezi wa baiskeli, wezi wa mabati, na bwana mmoja mwenye tai aliyebeba mlango wa watu kichwani mchana kweupe, lakini kuburutwa na mbwa mbele za watu ndilo jambo lililokuwa halijamfika. Jumatano ile likamfika. Kamba ameishika yeye, njia kaishika mbwa, na kila aliyewaona aliona wazi nani anamtembeza mwenzake.

Mbwa mwenyewe aliitwa Meja, mweusi, kifua kipana, mali ya Mzungu mmoja wa Ostabei ambaye watu walimwita Bwana Kiko kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni hata akicheka. Bwana Kiko alikuwa na mbwa wawili. Wa pili, jike wa rangi ya kahawia aitwaye Dachesi, alipotea Jumatatu asubuhi mikononi mwa Kondo, kijana wa Kizaramo aliyeajiriwa kuwatembeza wote wawili kila alfajiri. Kondo alitoka na wawili akarudi na mmoja. Bwana Kiko hakuuliza mara mbili. Akasema boi kamuuza mbwa, na kabla jua halijazama Kondo alikuwa mahabusu.

Haya, utasema mbwa ni mbwa tu. Lakini Inspekta alikwisha kata shauri kwamba Dachesi asipoonekana leo, kesho asubuhi gari litampeleka Kondo mjini kwa hakimu. Na Ijumaa, baada ya sala, Kondo alikuwa aoe. Posa imekwisha kubaliwa, mbuzi kafungwa uani kwa bibi harusi anakula majani bila habari. Mwanamume akipandishwa kizimbani kwa wizi Alhamisi, nani atampa mwanawe Ijumaa?

Ndiyo maana Leodegar, askari kanzu asiyevaa sare, mtu wa Bukoba aliyewaogopa mbwa tangu utotoni, alijikuta ameshika kamba.

Alikuwa ameanza na Kondo mwenyewe, mahabusu, kabla jogoo hawajanyamaza. Kijana alikaa sakafuni, kofia ya kiua mapajani, anaizungusha na kuizungusha.

"Jumatatu ulipita njia gani?"

"Pwani, afande. Ostabei mpaka Msasani, na kurudi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

Leodegar hakuamini. Msasani asubuhi watu ni wengi kuliko mchanga: wavuvi wanagawana samaki, wanawake wanachagua, wachuuzi wanapigana vikumbo. Kijana apite hapo na mbwa wawili wakubwa kama ndama, asionekane? Kwa hiyo Kondo alikuwa anadanganya. Lakini uongo wake ulikuwa wa ajabu. Mwizi akisema uongo hujitafutia shahidi, hata wa kununua, na huyu alikuwa anawakimbia mashahidi. Leodegar alimwuliza tena kwa njia nyingine, akamwuliza kwa upole, akamwuliza kwa ukali, Kondo akarudi pale pale: pwani, hakuna, sijui. Mara moja tu ndipo alipoinua macho, akauliza kama ni kweli kesi za mjini husomwa kwa sauti mbele za watu. Leodegar akasema kweli. Kijana akarudi kwenye kofia yake.

Kutoka hapo koplo akaenda nyumbani kwa Bwana Kiko. Mpishi wa nyumba ile, Didas, mtu wa maneno mengi, alimpa chai jikoni na habari juu yake. Kondo aliwapenda mbwa wale kuliko wenyewe walivyowapenda. Dachesi alikuwa mvivu siku hizi, kanenepa, tumbo linaning'inia, mpaka memsabu, mke wa Bwana Kiko, akaamuru apunguziwe chakula. Didas alilisema hilo kwa uchungu, kwa kuwa nyama ile ya kuwapa mbwa alikuwa akiichemsha yeye, na mtu akikupunguzia chungu amekupunguzia heshima. Leodegar aliuliza kama mbwa aliendelea kunenepa hata baada ya kupunguziwa. Didas akafikiri, akasema ndiyo, tena zaidi. Koplo akamaliza chai yake.

Kisha akatokea barazani kwa Bwana Kiko, akaomba ruhusa amtembeze Meja. Bwana Kiko akakitoa kiko mdomoni, ndipo watu wakajua kumbe kinatoka.

Hesabu ya Leodegar ilikuwa nyepesi. Kondo hasemi alikopita. Lakini safarini walikuwa watatu, na Meja hana mchumba wa kumficha jambo. Walipofika njia panda, kushoto kunashuka pwani, kulia kunaingia kwenye mikorosho kuelekea Kinondoni, koplo alilegeza kamba makusudi. Meja hakusimama hata kunusa. Akakata kulia, na Leodegar nyuma yake, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye kofia.

Laiti angekuwa hana kazi, angeifurahia asubuhi ile kuliko zote. Umande ulikuwa bado majanini, moshi wa kuni unapanda juu ya makuti, na mama mmoja kwenye njia alikuwa anageuza vitumbua kwenye kikaango chenye vishimo, harufu ya iliki inamfuata mtu hata akiikimbia. Mama yule alimtazama Meja, akamtazama koplo, akasema kumbe leo mbwa kaja na boi mpya. Leodegar aliona aibu, akanunua vitumbua ili apate kusimama kwa heshima. Akauliza kama anamfahamu boi wa zamani, Kondo. Mama akageukia mafuta yake, akasema Kondo yeye anamjua mmoja tu, naye alikufa wakati wa vita vya Mjerumani.

Mbele kidogo muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe, na wazee wanne wamekaa barazani wameinamia bao. Meja alipowapitia, wote wanne walikusanya kanzu zao kwa pamoja bila kuacha kucheza. Leodegar hakukasirika. Alipokuja Dar es Salaam mara ya kwanza alipanga chumba Ilala kwa bibi mmoja mshika dini, na siku moja mbwa wa njiani alilamba sahani aliyoiacha uani. Bibi yule hakumpiga, lakini alimsimamia: kwanza udongo, kisha maji, na maji tena, mpaka mara zikatimia saba. Tangu siku ile Leodegar alijua mate ya mbwa ni najisi kwa majirani zake, akawa anakula ndani.

Akawaamkia wazee, wakaitikia vizuri. Akauliza habari za Kondo. Kondo yupi, wakauliza. Fundi cherehani hakumjua. Wanawake wa bombani hawakumjua. Muuza nyama hakumjua kabisa, na huku anasema hivyo alimtupia Meja kipande cha mshipa, naye Meja alikwisha kaa kungoja kama mteja wa siku zote. Leodegar akacheka peke yake. Mtaa mzima ulimjua mbwa, na mtaa mzima haukumjua mtu aliyemleta. Siri inayofichwa na mtu mmoja ni hatia, lakini inayofichwa na mtaa mzima mara nyingi ni mapenzi.

Meja akamfikisha penye mkorosho mkubwa, chini yake banda la makuti, na mwanamke mnene anauza uji. Hapo akalala chini, kidevu juu ya miguu, akafumba macho. Amefika.

Mwanamke yule aliitwa Atuganile, mtu wa Tukuyu, mume wake anafanya kazi reli. Leodegar alijitambulisha, akakaa kwenye benchi, akapewa uji, akautazama ukuta wa banda. Kwenye msumari ilining'inia kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na chini yake kopo la maji na kipande cha sabuni. Kanzu ilikuwa nyembamba mabegani. Mumewe Atuganile, aliyekuwa anakunywa uji pembeni tayari kwenda kazini, alikuwa na mabega ya kubebea mataruma.

"Mama, kanzu ya Kondo hiyo," alisema Leodegar.

Atuganile akaweka upawa chini. "Nikisema, bwana koplo, utakwenda kumwambia mama mkwe wake?"

"Mimi? Simwambii neno."

Basi akamweleza yote, naye Meja anakoroma. Kondo alikuwa anamwoa Zuena, binti wa Bi Mwanaasha, nyumba ya pili baada ya kisima. Bi Mwanaasha alikuwa mkunga wa mtaa, kazalisha nusu ya Kinondoni, na maneno yake yalikuwa sheria. Na mbwa hakuwataka hata kuwasikia. Mwaka jana jirani alileta mbwa wa kulinda mahindi, Bi Mwanaasha akasimama uani akasema na mbingu, mpaka jirani akamrudisha mbwa Kisarawe. Sasa Kondo atamwambiaje mama huyo kwamba mkate wake unatoka kwenye mbwa? Akamwambia ni mtunza bustani kwa Mzungu. Kila asubuhi akawa anawaacha mbwa hapa kwa Atuganile, yeye Mkristo hana neno nao, ananawa, anavaa kanzu, anakwenda kumwamkia mkwe na kumtekea maji. Akirudi anavua kanzu, anachukua mbwa. Mtaa mzima ulijua, Zuena mwenyewe alijua, na wote walimfichia.

Jumatatu Kondo alipokuwa amekwenda kusalimu, Atuganile alikuwa na wateja. Akageuka, akaona Meja yupo, Dachesi hayupo. Kondo alimtafuta peke yake hata mchana, kila mahali, machozi yanamtoka.

"Alikwenda kumtafuta na Meja?"

"Atathubutuje? Meja aliachwa amefungwa hapa. Wangepita naye kwa mama mkwe."

Leodegar akauliza kama kuna mtu mtaani mwenye ubaya na mbwa kuliko wengine. Atuganile akasema yupo Mwishehe muuza mkaa, aliyeng'atwa zamani, naye aliapa kwamba mbwa atakayeingia kwake hatoki.

Kwa Mwishehe hakukuwa mbali. Alikuwa mzee mweusi kwa mkaa mpaka kope, na kabla ya salamu kwisha Leodegar aliona gunia lake limefungwa kwa kamba ya ngozi ya kusuka, pacha ya ile aliyoishika mkononi. Akaomba kuiona. Ncha moja ilikuwa imetafunwa, nyuzi zimechambuka. Akauliza kwa sauti ya kazi ameitoa wapi, na kama anajua kuna kijana mahabusu kwa ajili yake.

Mwishehe hakujua kijana wala mbwa. Kamba ni kamba, alisema, na akiiona njiani ataifunga mkaa. Hakuna aliyemwuliza, angeulizwa angesema. Na kweli, mtu aliyeua mbwa hawezi kuiweka kamba yake wazi mbele ya nyumba. Leodegar akamwuliza aliiokota wapi, naye Mwishehe akanyosha kidole: kwenye michongoma, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaasha.

Koplo akasimama pale na kamba mbili, akaanza kuzipanga. Dachesi hakukatiwa kamba na mtu, aliitafuna mwenyewe. Mbwa mvivu, mzito, kwa nini ahangaike? Tumbo lililokua hata chakula kilipopungua halikuwa unene. Alikuwa ameshikwa na uchungu, na mnyama aliyelemewa humtafuta mtu wake. Mtu wake alikuwa ametoka punde, na nyayo zake zilikuwa bado mbichi njiani. Kondo alitafuta Kinondoni nzima isipokuwa mahali pamoja, pale ambapo mtu hawezi kuuliza habari za mbwa.

Akamfunga Meja kwenye mnazi, mbali na ua, akapiga hodi kwa Bi Mwanaasha.

Alikaribishwa kama mgeni. Bi Mwanaasha alikuwa mwembamba, mrefu, kanga mbili safi, macho ya mtu aliyezoea kuamrisha vitu vitoke duniani vikatoka. Leodegar akamwamkia kwa adabu, akajitambulisha kuwa anapeleleza jambo la Kondo.

"Mwenzangu, mtoto yule hakuiba," alisema mama. "Sie hatujui hata kimepotea kitu gani. Kila nikiuliza watu, wananitazama miguu. Lakini mie nimempokea kila siku asubuhi hapa, najua mkono wa mwizi ulivyo."

Leodegar akajua hapo hapo kosa lilipo. Mtaa ulimwonea Kondo huruma, ukamficha mama mkwe habari ya mbwa, na kwa wema huo huo ukamfungia kijana mlango. Lakini ahadi ni ahadi, akaachia macho yafanye kazi.

Zuena alipita na ndoo kichwani, akaimimina, akarudi kisimani akinung'unika kwamba tangu Jumatatu mgongo haumo, sijui mama anaoga na nani. Kuku walikuwa wamejaa jikoni, wengine juu ya mafiga, na huku banda lao liko uani limefungwa mlango kwa kigogo. Leodegar akauliza kulikoni. Mama akasema kuna mmoja anaatamia, hataki kusumbuliwa. Na juu ya kichanja, kati ya vyombo vilivyosuguliwa kwa majivu vikang'aa, kulikuwa na bakuli la bati limefunikwa peke yake mbali na mengine, na kwenye ukingo wake wa ndani utando mwekundu wa udongo.

Masizi huwa nje ya chombo. Nani anasugua bakuli kwa udongo ndani?

"Bi Mkubwa," alisema Leodegar polepole, "bakuli hili limelambwa na nani?"

Bi Mwanaasha akageuka kufukuza kuku. Wakati huo huo, kutoka bandani kwa kuku, ikaja sauti nyembamba ambayo hakuna kuku aliyepata kuitoa. Zuena, aliyekuwa amerudi mlangoni, akatupa ndoo, akakimbia, akavuta kigogo.

"Dachesi!"

Ndani, juu ya kanga kuukuu, Dachesi alikuwa amelala na watoto wanne, wekundu, macho yamefumba, wanasukumana kwenye maziwa. Akapiga mkia chini kwa furaha.

Mama mtu akamgeukia bintiye. "Umelijuaje jina lake?"

Zuena akamtazama koplo, koplo akatazama mbuzi. Hakuna aliyemsaidia. Basi akaanza, kwa sauti ndogo, na alipokwisha kuanza likatoka lote: mbwa, kanzu, mkorosho, bustani isiyokuwepo. Leodegar alijiandaa kwa radi. Bi Mwanaasha alishika kiuno, akashika mlango wa banda, kisha akakaa chini kabisa, mavumbini, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Yeye kanificha mbwa, mie nimemficha mbwa," alisema akijifuta machozi. "Tumeshindana kufichana mbwa yule yule."

Akaeleza kwamba Jumatatu, Kondo alipokwisha ondoka, alisikia mguno nyuma ya nyumba. Akajua ni mguno gani hata kabla ya kuona nani anaguna. Akamkuta amenasa kwenye michongoma, akamnasua, kamba akaitupa kule. Alitaka kumfukuza, ulimi ukakataa, mikono ikakataa. Mtoto wa kwanza alikuja vibaya, akamgeuza. Hajapata kumwacha mwenye uchungu mlangoni, hakuweza kuanza uzeeni. Lakini baada ya alivyomfanyia jirani, angetokaje kusema? "Tumefundishwa kuna mja alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa maji," alisema. "Mie nimemzalisha. Sijui nitapewa nini."

Kicheko kikaisha Leodegar alipomweleza lililobaki. Neno la koplo peke yake halimtoshi Inspekta. Atataka mbwa, na atataka aliyemwokota, asimame mwenyewe aseme. Na njia ya kituoni ilipita mbele ya baraza, mbele ya bomba, mbele ya jirani aliyemrudisha mbwa wake Kisarawe.

Bi Mwanaasha alikuwa bado amekaa mavumbini. Alitazama mbuzi wa harusi, akamtazama Zuena aliyekuwa sasa analia. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akajifunga kanga vizuri.

"Nipe kamba. Najisi ni mate, kamba kavu haina neno."

Watu wa Kinondoni walisimulia asubuhi ile muda mrefu baadaye. Wazee wa bao waliacha bao. Mama wa vitumbua aliunguza vitumbua. Bi Mwanaasha alipita katikati ya njia, shingo juu, Dachesi pembeni yake, na koplo nyuma anaburuzana na Meja. Alipofika kwa jirani wa mahindi alisimama, akamwita kwa jina, akamwambia amlete mbwa wake akipenda, mahindi yanaliwa. Akaendelea na safari.

Kituoni Bwana Kiko aliitwa, naye alipomwona Dachesi alipiga magoti bila kujali suruali. Alitaka kumpeleka nyumbani saa hiyo hiyo. Bi Mwanaasha akamwambia Inspekta amfasirie bwana huyo kwamba mzazi hahamishwi kabla ya arobaini, na kwamba huyu ametolewa ndani kwa ajili ya sheria yao tu, anarudi kwa wanawe sasa hivi. Inspekta akafasiri. Bwana Kiko akakitoa kiko kwa mara ya pili siku ile, akasema ndiyo, mama. Mashtaka yakafutwa.

Kondo akatolewa. Alimwona Dachesi kwanza, uso ukamchanua. Kisha akauona mkono ulioshika kamba, akapandisha macho taratibu mpaka kwa mwenye mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtunza bustani?"

"Mama, mie..."

"Ua lako hili limezaa manne bandani kwangu, nimelizalisha kwa mikono hii. Bakuli langu limelambwa, udongo wangu umekwisha, mwanangu mgongo unamuuma kwa maji." Akamnyoshea kamba. "Ijumaa uje na kanzu safi. Jumamosi utakuja kuosha bakuli."

Kondo aliipokea ile kamba kwa mikono miwili, na kulia akalia bila kuficha. Leodegar, ambaye mabega yalikuwa yanamuuma, akamkabidhi na ya Meja kabla hajaombwa. Wakatoka wote nje, mama mbele, kijana nyuma yake na mbwa wake wawili, wakashika njia ya Kinondoni jua likiwa limepanda na watu wamejaa barazani. Leodegar aliwafuata kwa mbali, anamalizia kitumbua kilichopoa. Akamwona Kondo akifika penye mkorosho wa Atuganile, pale kanzu yake ilipokuwa inaning'inia kwenye msumari. Safari hii hakusimama.